Noti walizochapiwa wageni tu: wakusanyaji wa Nyanda za Juu Kusini tukutane hapa

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

Wakuu salaam. Kule kwenye uzi wa sarafu za zamani kila nikitia neno naambiwa natoka nje ya mada, basi nimeona nifungue wa kwangu. Mimi sikusanyi noti zote, hela hiyo sina. Nakusanya kitu kimoja, noti ambazo serikali fulani fulani zilichapa kwa ajili ya wageni, yaani mtalii, mwanadiplomasia, mfanyabiashara wa nje, unashuka uwanja wa ndege unatoa dola zako unapewa makaratasi ambayo raia wa nchi hiyo hayamhusu.

Naanza na China maana ndo zinazopatikana kirahisi. Tarehe 1 Aprili 1980 Bank of China walianza kuzitoa, wauzaji wa nje wanaziandika FEC (kifupi cha Kiingereza cha hati za fedha za kigeni) na katalogi zinazipa namba zinazoanza na FX, mkitafuta onlaini tafuteni hivyo. Kuna jiao 1 na jiao 5, kisha yuan 1, 5, 10, 50 na 100 (jiao kumi ndo yuan moja). Zimeandikwa mwaka 1979 ila mikononi mwa watu zimeingia 1980, hapo mshike vizuri maana ndipo wengi wanapopigwa. Mwaka 1988 wakachapa tena ya 50 na ya 100 tu. Hamna sura ya kiongozi wala mkulima wala nani, ni mandhari tupu, jiao 5 ina Hekalu la Mbinguni la pale Beijing, yuan 10 ina makorongo ya mto Yangtze, 100 ina Ukuta Mkuu, yaani ni kama umepewa kalenda ya utalii ukalipie chai. Nyuma kuna Kiingereza ili mgeni asisingizie hakuelewa.

Sasa kwa nini nchi ijichoshe kuchapa pesa mbili? Dola. China ndo kwanza ilikuwa imefungua milango, inataka fedha za kigeni za kununulia mitambo, haitaki dola ya mtalii ipotelee mtaani. Ukishabadilisha, dola inabaki benki na wewe unabaki na karatasi inayolipia hoteli, tiketi ya ndege, na manunuzi kwenye yale Maduka ya Urafiki (msichanganye na kiwanda cha Urafiki cha Ubungo, japo na chenyewe ni mkono wa Mchina). Humo ndo kulikuwa na vitu vya nje, sigara, wiski, redio, mwenyeji anavionea dirishani. Kwenye makaratasi ya serikali yuan ya mgeni na yuan ya mwenyeji ni thamani moja. Mtaani sasa... hapo ndo utamu ulipo, nitarudi nikishafunga duka.

kijana_wa_uyole

mkuu hiyo ya ukuta inaenda sh ngapi?? nna mshkaji yupo guangzhou anaweza akaniletea kiroba kizima tukatoka kimaisha 😂

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

Kiroba atakipata wapi, zilisimama kutolewa tarehe 1 Januari 1994 na mwaka uliofuata zikawa hazinunui hata pipi. Alizonazo mtu sasa hivi ni zile ambazo hazikurudishwa benki. Za jiao na yuan 1 zilizochakaa ni dola chache tu, hutoki kimaisha kwa hizo dogo. Kinachopandisha bei ni mambo mawili, thamani iliyoandikwa na hali ya noti. Ikikunjwa mara moja katikati tayari imeshuka. Ikiwa na alama ya pini ya kubania imeshuka zaidi. Ikiwa na kalamu ya bluu mtu ameandika namba ya simu ndo kabisaaa.

MamaMakambako

Wanangu habari zenu, mimi sio mkusanyaji ila huu uzi binti yangu kanionyesha akasema mama si kama zile za babu, nikaenda kufungua sanduku kweli ziko, marehemu baba alikuwa mtu wa reli na siku zote tulijua amepewa na Wachina wakati wanajenga TAZARA hapa, maana walikaa hapa Makambako kambi yao ilikuwa kubwa na watu wengi walifanya kazi kwao, sasa naona mwenzetu anasema zimeanza 1980 na mimi nina uhakika baba alizipata kwa Mchina, sasa nani mkweli.

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

Shikamoo mama. Zinaweza kuwa za Mchina kweli ila sio wa wakati wa ujenzi. Reli ilianza kujengwa 1970, mwaka 1975 reli imekamilika, 1976 wakakabidhi rasmi, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Hizo noti zilikuwa bado hazijachapwa. Halafu fundi Mchina wa kule kambini hizi zisingemhusu, yeye ni mwenyeji kwao, pesa yake ni renminbi, yaani ile yuan ya kawaida ya mwenyeji. Je mzee hakuwahi kwenda China mwenyewe miaka ya themanini kwenye mafunzo?

MamaMakambako

Marahaba mwanangu. Alienda! Alienda kwenye mafunzo na ni kweli ilikuwa nimeshaolewa kwa hiyo ni themanini na kitu, sisi tulikuwa tunachanganya safari yake na habari za ujenzi maana hadithi zake zote zilikuwa za Wachina. Na sasa umenikumbusha kitu, alikuwa anasimulia kwamba kule wenzake wa kiwandani Wachina walikuwa wanampenda sana siku za mwisho wa mwezi, wanamletea pesa zao za kawaida nyingi awabadilishie hizo karatasi zake au aingie yeye dukani awanunulie, mmoja alikuwa anataka televisheni ya rangi ya harusi, baba anasema aliibeba yeye mpaka nje akamkabidhi pembeni ya geti kama wezi, sisi watoto tulikuwa tunacheka tu hatukujua maana yake nini.

MchenjajiBoda, Tunduma

Huyo mzee alikuwa mwenzetu 😂😂😂

Ngoja niwaambie kitu kutoka kwenye meza yangu hapa mpakani. Popote penye pesa mbili na serikali inasema zina bei moja, kati yake pana mtu amekaa na kastuli. Hapa kwacha na shilingi angalau kila mtu anajua zinapanda na kushuka, ukija na kwacha zako tunapatana. Sasa wewe unaniambia karatasi A inanunua televisheni na karatasi B inanunua mchele tu, alafu bei ni sawasawa? Nani atakubali. Lazima karatasi A iwe na cha juu. Na hao vijana waliokuwa wanasimama nje ya hoteli wanawanong'oneza wazungu "cheni mani" sio wahalifu, walikuwa wanasahihisha hesabu ya serikali.

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

Hahaha umenipokonya mada yangu ila umeisema vizuri kuliko ambavyo ningesema. Ndo ilivyokuwa, mtalii anabadilisha karatasi zake kwa kijana wa nje ya hoteli, anapata renminbi nyingi zaidi, anaenda nazo sokoni na kwenye vibanda vya chakula huko ambako hawamuulizi, na kijana anaziuza karatasi kwa mwenyeji mwenye shida ya friji. Wanafunzi na wataalamu wa kigeni wengine walikuwa na kadi inayowaruhusu kulipa kwa renminbi baadhi ya vitu, na hao nao walijua kuitumia kadi yao vizuri sana. Siku wameziua, 1 Januari 1994, waliunganisha na viwango vya dola hapohapo, bei rasmi ikaruka kutoka kwenye yuan 5.8 kwa dola mpaka 8.7. Bei ya mtaani ilikuwa imeshafika huko zamani. Serikali imefuata tu.

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Kamwene wote. Nimesoma kwa makini. Napenda vijana mjue kwamba hapa kwetu mambo hayakuwa mbali sana na hayo, ingawa hatukuchapa noti za pembeni. Miaka ya themanini nchi haikuwa na fedha za kigeni. Mgeni akija alijaza fomu ya kuonyesha dola alizoingia nazo, na hoteli kubwa alilipa kwa fedha za kigeni, shilingi yake haikupokelewa. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, watu wakatupa mali porini na mitoni kwa hofu. Kukutwa na dola mfukoni ilikuwa kesi. Maduka ya kubadilishia fedha hayakuwepo mpaka sheria ya 1992. Kwa hiyo MchenjajiBoda na meza yake angekuwa gereza la Ruanda pale Mbeya saa hizi.

MchenjajiBoda, Tunduma

Mwalimu shikamoo, mimi leseni ninayo jamani msinichomee 😅

kijana_wa_uyole

ila huu si ni ubaguzi tu?? mwenye nchi haruhusiwi kuingia dukani mgeni anaruhusiwa, mkaburu kafanya hivyo tukamsusia dunia nzima

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Usilinganishe kirahisi kijana. Kwa Kaburu kigezo kilikuwa ngozi na hakikubadilika. Hapa kigezo ni dola. Hata leo ukienda geti la Ruaha wewe unalipa kiingilio cha Mtanzania na mgeni analipa kikubwa zaidi, na sijasikia ukilalamika kwamba mgeni anabaguliwa.

kijana_wa_uyole

mwalimu hiyo ni kinyume chake sasa, hapo mimi ndo nafaidi. kule mwenyeji ndo alikuwa anafungiwa nje. sio sawa kabisa

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

Hapa nampa kijana. Nimekaa na hizi noti muda mrefu na kila nikizitazama naona kwamba aliyechorewa mandhari ya nchi yake kwenye noti ndiye aliyekatazwa kuishika. Ukuta Mkuu ni wa nani? Mwalimu hoja ya uchumi naielewa ila unyonge wa yule bwana wa televisheni ya harusi haukuwa wa kiuchumi peke yake. Basi tusigombane, tuendelee na nchi nyingine.

Burma, yaani Myanmar. Hawa walianza 1993, na wao hawakujisumbua kuandika pesa yao, waliandika dola kabisa, karatasi ya dola 1, 5, 10 na baadaye 20, zimetolewa na benki kuu yao. Mtalii anayejisafirisha mwenyewe akifika uwanja wa ndege Yangon kabla hajatoka nje analazimishwa kubadilisha dola 300, baadaye wakashusha 200, mwaka 2003 wakaacha kulazimisha. Zenyewe zimefutwa 2013. MchenjajiBoda kaa vizuri usikie hii: kwa kiwango rasmi dola moja ilikuwa kyat 6 hivi. Mtaani ilifika karibu 1,000.

MchenjajiBoda, Tunduma

Sita kwa elfu????

Hiyo sio biashara hiyo ni mgodi. Mtu akiwa na rafiki serikalini wa kumpa dola kwa bei ya sita ameshamaliza maisha, hana haja ya kulima wala kuuza chochote. Na nikuhakikishie walikuwepo.

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

Mpaka Aprili 2012 walipoachia kiwango rasmi kikaanza kwenye mia nane na kitu. Kwa mkusanyaji Burma ni pazuri pa kuanzia maana bei zake ziko chini na seti yake ni fupi, ukipata nne umemaliza. Kuba ni ngumu zaidi, benki ya taifa yao walitoa hati za wageni 1985, ziko za mfululizo A, B, C na D na kila mmoja una rangi zake, kichwa kinauma. Halafu 1994 wakaleta peso ya kubadilishika, ile watu wanaita CUC, iliyodumu mpaka 2021. Mimi CUC siiweki kwenye albamu. Wenyeji wa Kuba waliishika, walilipwa bakshishi kwayo, wengine mishahara nusunusu. Kwangu hiyo ni pesa ya pili ya nchi tu, sio ya wageni. Kuna watakaobisha.

Kapteni_Mstaafu

Nabisha. Na zile hati za malipo za jeshi la Marekani, za 1946 mpaka 1973, Vietnam na Korea kule, na zenyewe ni pesa za mgeni ndani ya nchi ya watu. Zina michoro mizuri kuliko zote ulizotaja na walikuwa wanazibadili ghafla asubuhi moja, geti la kambi linafungwa, mwenye za zamani nje ya kambi imekula kwake.

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

Mkuu askari mwenye bunduki sio mtalii 😀 Fungua uzi wake nitakuja kusoma.

BinMiyomboni, Iringa

Asalaam aleykum. Naona mmezunguka dunia nzima mmewasahau wageni wengi kuliko wote, mahujaji. Mimi ninazo za Saudia na ndizo zilizonifanya niingie kwenye mambo haya.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya hamsini Saudia haikuwa na noti. Riyali ilikuwa sarafu ya fedha, kubwa, nzito. Sasa hujaji ametoka Nigeria au Java au huku kwetu, anashuka Jeddah anabadilisha pesa zake za safari nzima anapewa mfuko wa sarafu abebe hivyo mpaka Makka na Arafa na Madina, na wezi wapo. Mwaka 1953 mamlaka yao ya fedha wakatoa kitu wakakiita risiti ya hujaji, ya riyali 10. Mwaka 1954 wakaongeza ya riyali 5, na 1956 ya riyali 1. Waliita risiti kwa hekima, watu hawakuwa na imani na pesa ya karatasi, ila risiti ya sarafu zako zilizopo benki unaielewa. Na imeandikwa kwa lugha kadhaa, Kiarabu, Kiajemi, Kiingereza, Kiurdu, Kituruki, Kimalei.

Kilichotokea ni kwamba hujaji akinunua kitu dukani anaacha risiti, mwenye duka badala ya kuikimbiza benki apewe sarafu anaitumia kulipia naye. Msimu wa hija umekwisha, mahujaji wameondoka, karatasi zinazunguka Makka na Jeddah mwaka mzima. Serikali ikaona kumbe watu wameshazoea, 1961 ikatoa noti rasmi, risiti zikaondolewa miaka michache baadaye. Yaani kwa Wachina mwenyeji alizuiwa pesa ya mgeni, kule pesa ya mgeni ndo ikawafundisha wenyeji karatasi.

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

Waaleykum salaam. Bin umeniua. Hiyo ya 1953 unayo kweli?

BinMiyomboni, Iringa

Ya 1953 sina na siitafuti, bei yake ni ya kujengea. Ninazo ya riyali 1 ya 1956 mbili, moja imechoka sana, na ya riyali 5. Kwa anayeanza na mfuko mdogo namshauri noti za hija za Pakistan. Wao toka 1950 walikuwa wanachukua rupia yao ya kawaida wanaipiga maandishi juu kwamba ni ya mahujaji wa Pakistan kutumia Saudia, wakaendelea hivyo mpaka 1978. Zilizobaki ziliishia kuuzwa kwa wafanyabiashara wa noti kwa wingi ndo maana unazikuta mpya kabisa kwa bei ya huruma. India nao walitoa zao 1959, za rupia 10 na 100, namba zake zinaanza na HA, hizo usitarajie huruma yoyote.

dada_wa_njombe

Jamani mimi napenda Korea Kaskazini, mbona hamuitaji? Mwaka 1988 walitoa noti za wageni za rangi mbili tofauti kabisa, bluu ya kijani kwa wageni kutoka nchi za kibepari na nyekundu ya pinki kwa wageni wa nchi za kijamaa. Zilikaa mpaka 2002. Ninazo kadhaa za nyekundu, zile za jeon (senti zao) ndogo ndogo ni nafuu sana.

kijana_wa_uyole

sasa mtanzania akienda pyongyang na azimio lake la arusha anapewa rangi gani 😂😂

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Nyekundu. Ila mwaka 1988 nadhani karani angemwangalia mara mbili, maana tulikuwa tumeshaanza kusaini na IMF.

DalaliMkuuTZ

NANUNUA NOTI ZA ZAMANI ZOTE NA RUPIA ZA MJERUMANI, SARAFU YENYE TEMBO, PASI ZA MKAA ZA ZAMANI, BEI NI MAMILIONI, MZUNGU YUPO DAR TAYARI NA PESA. UKIWA NA MZIGO NJOO PM UTUME PICHA NA PESA KIDOGO YA USAJILI

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

Huyu ndo tuliyekuwa tunamsubiri. Wakuu, hakuna mnunuzi wa kweli duniani anayemtoza muuzaji usajili. Huku kwetu hadithi za mali ya Mjerumani zimewamaliza watu, Iringa, Njombe, Tukuyu, kila kijiji kina mtu aliyechimba chini ya mti akauza ng'ombe kugharamia "vipimo". Sarafu ya dhahabu ya tembo ipo kweli, rupia 15, iligongwa Tabora 1916 wakati wa vita, na kwa sababu ipo kweli ndo matapeli wanapata pa kuning'iniza uongo wao. Ukiwa nayo unapeleka kwenye mnada unaojulikana, unapewa karatasi, wanakata chao baada ya kuuza sio kabla.

dada_wa_njombe

Shemeji yangu alitumia hiyo "usajili" kwa awamu mpaka akauza pikipiki. Mzungu hajafika Dar mpaka leo.

MchenjajiBoda, Tunduma

Mod toa hiyo takataka.

Afu mimi niulize kwa faida ya wote, feki mnazijuaje? Maana hapa kwangu nna taa ya bluu, ukiipitishia noti halali karatasi inabaki imefifia, ya fotokopi inawaka nyeupe kama shati la shule.

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

Taa yako inafaa na huku pia, karatasi ya noti kwa kawaida haiwaki. Ya pili iinue kwenye mwanga utafute alama ya maji, lazima iwe ndani ya karatasi, isiwe imechapwa juu. Ya tatu chukua lenzi, mistari ya noti halisi imekatika safi, ya printa ni vidotidoti. Ya nne tumia akili, mtu anakuuzia seti nzima ya China mpya kabisa kwa elfu kumi, ameipata wapi? Kuna nakala zinauzwa wazi kama mapambo, sio kosa, kosa ni la anayekuja kukuuzia wewe kama halisi. Na jamani usinunue kwa picha ya upande mmoja. Omba nyuma na mbele, na omba apige picha noti imeinuliwa dirishani.

MamaMakambako

Mwanangu nimerudi. Nimezitoa zote nimezipanga mezani, ipo ya yuan 10 mbili, yuan 1, jiao 5 tatu, na moja ya yuan 50. Binti anataka kwenda kuzipiga laminesheni pale stendi zisichakae maana huku unajua upepo na vumbi, kuna moja imekunjamana nilikuwa nataka niinyooshe na pasi ya mbali.

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

MAMA USIFANYE CHOCHOTE KATI YA HIVYO TAFADHALI. Samahani kwa herufi kubwa.

Laminesheni ndo kifo cha noti, ile gundi ya moto haitoki tena milele, hakuna mkusanyaji atakayeigusa. Pasi inaua karatasi na wino unapata mng'ao wa ajabu, mwenye jicho anaona hapohapo. Usiifute na kitambaa chenye maji, usiibandike selotepu, na zile albamu za picha za kurasa za kunata nazo hapana. Hata plastiki laini inayonuka, ile ya mifuko ya vitambulisho vya bei rahisi, baada ya miaka inatoa kitu kama mafuta inaganda na noti. Tafuta mifuko ya poliesta, ngumu kidogo, haina harufu. Ukikosa kwa sasa weka kila moja ndani ya karatasi nyeupe safi iliyokunjwa, kisha ndani ya kitabu kizito, kitabu ndani ya boksi, boksi kabatini mbali na ukuta na mbali na bati. Vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye boksi la viatu tia viwili vitatu humo vinanyonya unyevu. Makambako kwenu afadhali ni kukavu, mwenzenu wa Tukuyu huko mvua haikatiki nimeona noti zimeota ukungu ndani ya albamu mpya. Iliyokunjamana iache hivyohivyo, uzito wa kitabu utainyoosha taratibu.

Sasa hiyo ya yuan 50, angalia mwaka. Imeandikwa 1979 au 1988?

BinMiyomboni, Iringa

Nasubiri hapa na mimi.

MamaMakambako

Binti amevaa miwani yangu anasoma, anasema 1979.

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

Aisee.

Mama hiyo ndo ngumu kuliko zote za China. Ya 50 ya 1988 zipo, ya 1979 wanaitafuta watu wenye albamu zilizokamilika isipokuwa hapo. Yuan 50 enzi hizo ilikuwa hela nyingi, mtu hakuiacha mfukoni akapanda nayo ndege, aliitumia au aliirudisha. Sikutajii bei hapa hadharani kwa sababu za huyo jamaa wa herufi kubwa hapo juu na wenzake. Usimtumie mtu yeyote picha yenye namba zake zote zinaonekana, ziba tarakimu za mwisho. Na asitokee mtu wa kukwambia anakuja kuichukua leo.

MchenjajiBoda, Tunduma

Mimi Ijumaa napita Makambako naenda Njombe kikazi mama, sio kununua, naomba niione tu kwa macho. Nimeshika pesa za nchi nyingi hiyo sijawahi.

MamaMakambako

Karibu mwanangu, ila ndugu zangu watatu wameshapiga simu toka asubuhi wote wanasema baba aliwaahidi wao, sijui hata nani kawaambia, kwa hiyo ukija utawakuta. Njoo na hiyo taa yako, maana kaka mkubwa ameshaanza kusema ni feki ili mimi niiache.

MzeeWaAlbamu, Mbeya mjini

😂😂 MchenjajiBoda ukifika pima na ya kaka mkubwa vilevile, watu wa hivyo huwa na zao wamezificha. Dada wa Njombe nyekundu zako za jeon ukiwa na za ziada nina yuan 1 mbili za kubadilishana, nije na gari la asubuhi Jumamosi au unashuka Mbeya wewe?